Rubani Kwenye Yadi ya Malori

Mvua za masika zilipoanza mwaka 2019, kambi za watalii zilizomo katika eneo ambalo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na ambalo wakati huo sote tuliliita Selous, zilifungwa moja baada ya nyingine. Viwanja vya changarawe vililowa hadi magurudumu yakawa yanazama, nami nilipofungua ratiba yangu ya Aprili nilikuta safari chache mno, nyingi zikiwa za kwenda na kurudi Zanzibar. Mwezi ule niliruka saa 19. Agosti iliyotangulia nilikuwa nimeruka saa 88. Ndege ilikuwa ileile, Cessna Caravan yenye injini moja. Leseni ilikuwa ileile, na mwajiri alikuwa yuleyule. Kilichopungua ni saa, na saa ndizo zilizokuwa zikiilisha familia yangu.

Jambo hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu hata ndugu zangu wa damu walichukua miaka kulielewa. Mtu akimwona rubani amevaa shati jeupe lenye mistari mabegani huamini kwamba mshahara wake ni mkubwa na kwamba hauyumbi. Kwa marubani wa mashirika makubwa yenye ndege za masafa marefu, imani hiyo ina ukweli wake. Kwetu sisi wa ndege ndogo, tunaobeba watalii na mizigo yao kutoka jijini hadi porini, malipo yalikuwa na sehemu mbili: mshahara wa msingi, ambao ulitosha kodi ya nyumba na nauli, na posho ya kila saa ambayo ndege iko hewani. Posho hiyo ndiyo iliyokuwa ikilipa ada ya mtoto, chakula, dawa za mama na deni. Ndege ikikaa chini kwa sababu ya mvua, kwa sababu ya matengenezo, au kwa sababu watalii wamesoma habari mbaya wakaahirisha safari, rubani hukaa nayo chini.

Na deni lilikuwa zito. Baba yangu alikuwa na shamba la michungwa Muheza, urithi wa babu, na alipouza ekari nne ili niende kusoma urubani Afrika Kusini hakunieleza jinsi jambo hilo lilivyomuuma. Nililiona mwenyewe niliporudi likizo, nikapita kando ya uzio mpya wa mwenye shamba mpya, naye baba akageuza uso upande wa pili wa barabara. Leseni ya rubani wa biashara huhitaji saa 200 za kuruka, na mwanafunzi hulipia kila moja ya saa hizo. Baada ya ekari nne kuisha, kilichobaki tulikopa kwa ndugu. Niliporudi nyumbani na leseni mkononi, nilikaa mwaka mmoja na miezi kadhaa bila kazi ya kuruka, kwa sababu kila kampuni ilitaka rubani mwenye uzoefu na hakuna iliyotaka kuwa ya kwanza kumpa uzoefu huo. Kwa hiyo, nilipoajiriwa hatimaye, sikuuliza maswali mengi kuhusu mshahara. Ningeulizaje, na mama alikuwa amekwisha kuwaambia majirani?

Kwa miaka miwili niliamini kwamba upungufu huu ulikuwa aibu yangu mwenyewe, kwamba nilikuwa nimekosea mahali fulani katika kupanga maisha, au kwamba ni tatizo la nchi zetu peke yake. Kilichonitoa katika imani hiyo ni kusoma yaliyosemwa katika Bunge la Marekani mwaka 2009. Tarehe 15 Januari mwaka huo, Chesley Sullenberger na rubani msaidizi wake Jeffrey Skiles walitua na Airbus A320 juu ya mto Hudson, jijini New York, baada ya ndege kugongana na kundi la mabata bukini na injini zote mbili kupoteza nguvu; watu wote 155 waliokuwamo walitoka hai. Wiki chache baadaye, dunia nzima ikiwa bado inamsifu, Sullenberger alikwenda mbele ya kamati ya Bunge akaeleza kwamba mshahara wake ulikuwa umekatwa kwa asilimia 40 na kwamba pensheni yake ilikuwa imefutwa, nafasi yake ikachukuliwa na dhamana yenye thamani ndogo sana. Alikuwa ameanzisha kazi ya ushauri wa kitaalamu ili kujaliza kipato. Nilisoma maneno hayo usiku, nikarudia kuyasoma. Ikiwa mtu huyo, mwenye miongo mitatu ya kuruka katika nchi tajiri kuliko zote, alihitaji kazi ya pili, basi mimi sikuwa na sababu ya kujificha.

Lakini ni mwaka huohuo, na ni nchi hiyohiyo, iliyonifundisha upande wa pili wa jambo hili, ingawa somo lenyewe nililielewa kwa kuchelewa. Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air, safari namba 3407, ilianguka karibu na Buffalo, ikaua watu 50, mmoja wao akiwa ndani ya nyumba iliyoangukiwa. Wachunguzi walisema chanzo kilikuwa namna rubani mkuu alivyoitikia onyo la ndege kupoteza mwendo: aliuvuta usukani badala ya kuusukuma mbele. Hata hivyo walipofuatilia maisha ya marubani wale wawili, walikuta mambo yaliyowashtua wananchi wa kawaida. Rubani msaidizi, mwanamke kijana wa miaka 24, alikuwa akilipwa takriban dola 16,000 kwa mwaka. Aliishi na wazazi wake upande wa pili wa bara, akasafiri usiku kucha kutoka Seattle ili afike kazini Newark. Na wakati fulani aliwahi kufanya kazi ya pili katika duka la kahawa. Wachunguzi waliandika kwamba uchovu huenda ulipunguza uwezo wa marubani wale, bila kuweza kupima ulipunguza kwa kiasi gani. Kutokana na ajali ile Marekani ilipitisha sheria mwaka 2010, na baadaye ikataka marubani wasaidizi wa mashirika ya abiria wawe na saa 1,500 kwa kawaida, na muda wao wa mapumziko ukaongezwa hadi saa 10 kabla ya zamu, ndani yake wapate nafasi ya kulala saa nane mfululizo.

Sheria kama hizo, popote zilipo, huhesabu saa ambazo rubani yuko hewani na saa ambazo yuko zamu. Haziwezi kuhesabu kile anachokifanya katika saa alizopewa apumzike. Pengo hilo ndilo nililoingia mwaka 2019.

Nilianza kuendesha teksi ya mtandao. Gari lilikuwa la binamu yangu, makubaliano yalikuwa kumpelekea hesabu kila Jumapili, na kwa kuwa mchana nilitakiwa kuwa tayari kuitwa uwanjani, niliendesha usiku. Mei yote ilikwenda vizuri. Watu wa Dar es Salaam husafiri usiku kuliko nilivyojua: wauguzi wanaotoka zamu, wapishi wa hoteli, wasafiri wa mabasi ya alfajiri. Nilipata pesa ya kulipa ada ya muhula na kupunguza deni la shangazi. Kisha Juni ikafika, kambi zikafunguliwa, ratiba ikajaa, nami sikuacha teksi. Nilijiambia kwamba nitaendesha hadi saa nne za usiku tu. Saa nne zikawa sita, kwa sababu abiria wa mwisho huwa anakwenda mbali na hulipa vizuri.

Asubuhi moja ya mwishoni mwa Juni nilikuwa na safari ya kupeleka abiria tisa na mizigo yao kwenye kiwanja cha changarawe huko porini. Nilikuwa nimelala saa tatu na nusu. Kabla ya kila safari rubani hujaza karatasi ya uzito: uzito wa ndege tupu, wa rubani, wa abiria, wa mizigo, wa mafuta, na mahali ambapo kila uzito umekaa, ili jumla isizidi ukomo na ndege isiwe nzito mkiani wala puani. Ukomo wa Caravan ile wakati wa kupaa ulikuwa paundi 8,750, yaani karibu kilo 3,970. Niliijaza karatasi, nikajumlisha, nikatia saini, nikampa kijana wa kupakia mizigo. Kijana yule, ambaye hakusoma zaidi ya kidato cha nne na ambaye nilikuwa nimemzoea kwa salamu tu, aliitazama karatasi kwa muda, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, abiria wasisikie: "Samahani, Kapteni, hii namba ya mafuta si ya jana?"

Ilikuwa ya jana. Nilikuwa nimeandika paundi 750 kutoka kwenye kumbukumbu ya safari ya siku iliyopita, wakati matangi yalikuwa na paundi 1,250, kama nilivyoagiza mwenyewe nusu saa kabla. Kwa karatasi yangu ndege ilikuwa ndani ya ukomo; kwa ukweli ilikuwa imezidi kwa paundi zaidi ya 300. Pengine ingepaa salama kwenye lami ndefu ya Dar es Salaam. Sipendi kuikamilisha sentensi hiyo, kwa sababu kila rubani aliyezidisha uzito aliwahi kupaa salama mara nyingi kabla ya siku moja. Tuliteremsha mizigo, tukaipanga ije na ndege ya pili, nikaomba radhi kwa abiria, na jioni ile nilimrudishia binamu yangu ufunguo wa gari. Aliniuliza kama nimepata ajali. Nikamjibu kwamba sijapata.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta kazi nje ya usafiri wa anga kwa akili zaidi, na nakiri kwamba sikujua pa kuanzia. Nilituma maombi 27 kwa benki, kampuni za bima, mashirika ya misaada na ofisi za usafirishaji, nikapata majibu manne. Tatizo la kwanza lilikuwa la karatasi: leseni ya rubani wa biashara si shahada. Fomu nyingi za maombi zina nafasi ya cheti, stashahada au shahada, na leseni iliyotolewa na mamlaka ya usafiri wa anga, hata kama iligharimu zaidi ya shahada mbili, haina pa kuandikwa. Ofisa mmoja wa ajira, dada mwenye upole, alinieleza waziwazi kwamba mfumo wao wa kompyuta uliniweka katika kundi la wahitimu wa kidato cha sita. Tangu siku hiyo huwashauri vijana wanaoingia urubani, wakiwa na uwezo, wachukue shahada hata kwa masomo ya jioni au ya masafa, kabla deni na ratiba havijawabana. Nami mwenyewe nilijiandikisha baadaye kusoma ugavi.

Tatizo la pili lilikuwa langu. Barua zangu zote zilianza na idadi ya saa nilizoruka, kana kwamba saa 1,900 za Caravan zina maana yoyote kwa meneja wa ghala. Kwetu sisi saa ni kila kitu. Hupangana kwa saa, huheshimiana kwa saa. Nje ya uzio wa uwanja wa ndege hazisemi lolote. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba nilipaswa kueleza kazi yenyewe: kwamba nimejaza na kutia saini karatasi za uzito zaidi ya 3,000 nikiwajibika kisheria kwa kila moja, kwamba hufanya uamuzi wa kuahirisha safari mbele ya watu waliokwisha kulipa na wenye hasira, kwamba hufuata orodha ya ukaguzi hata siku ambayo naijua kwa moyo, kwamba huandika kila hitilafu kwenye kitabu cha ndege kabla sijaondoka. Nilipoandika hivyo, watu walianza kuniuliza maswali.

Katikati ya utafutaji huo nilifanya kosa ambalo marubani wengi hulifanya, nalo ni kutafuta kazi ya pili ndani ya nyumba ileile. Nilianza kufundisha masomo ya darasani katika chuo kimoja cha urubani: hali ya hewa, sheria za anga, uongozaji wa safari. Niliipenda kazi hiyo na bado naipenda. Lakini Machi 2020 ilipofika na ugonjwa wa korona ukaenea, Kenya ilisimamisha safari za kimataifa za abiria tarehe 25, na Tanzania ikafuata tarehe 12 Aprili hadi 18 Mei. Watalii walikwisha kutoweka kabla ya amri zenyewe. Juma lile ambalo mwajiri wangu alitupunguzia mshahara wa msingi kwa nusu ndilo juma ambalo chuo kilifunga madarasa. Mito miwili niliyokuwa nikichota maji ilikuwa na chemchemi moja. Rafiki yangu aliyekuwa akiruka Nairobi, kutoka uwanja wa Wilson, na ambaye kwa miaka mitano alikuwa akijazia mshahara wake kwa kuuza vifaa vya marubani, alinipigia simu mwezi ule. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na la kumwambia mwenzake zaidi ya salamu za nyumbani.

Kilichoendelea kutembea ni malori. Mpaka wa Tunduma na Nakonde ulipata misukosuko, Zambia iliufunga kwa siku kadhaa Mei 2020, na madereva walikaa foleni ndefu wakisubiri kupimwa. Lakini salfa ilihitajika kwenye migodi ya Kongo, shaba ilihitaji kufika bandarini Dar es Salaam, na foleni ikifunguka malori yalikwenda. Shemeji yangu, ambaye ni mhasibu katika kampuni moja ya usafirishaji, aliniambia mkurugenzi wao anapoteza fedha nyingi kwenye mizani na hajui kwa nini. Alisema: "Wewe si ndiye unayepima ndege? Njoo utazame."

Nilikwenda nikiwa na kalamu na kikokotoo. Mzee mwenye kampuni, baada ya shikamoo na marahaba, alinionesha rundo la stakabadhi kutoka mizani ya Vigwaza, mkoani Pwani, ambayo ndiyo ya kwanza ambayo malori yake hukutana nayo yakielekea Morogoro, Iringa, Mbeya hadi Tunduma. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 kuhusu uzito wa magari inaweka ukomo wa jumla wa tani 56, lakini chini ya ukomo huo kuna ukomo wa kila kundi la ekseli, yaani mihimili ya magurudumu: tani 8 kwa ekseli ya mbele ya usukani, tani 18 kwa ekseli mbili za nyuma za kichwa (sehemu ya mbele yenye injini), tani 24 kwa ekseli tatu za tela. Gari la ekseli sita la aina hiyo lina ruhusa ya tani 50. Mzee alikuwa akipakia hadi gari zima lifike tani 48 na kitu, akiamini kwamba amejiwekea akiba, na bado gari lilikuwa likizuiwa na kutozwa.

Niliitazama stakabadhi ya juu kabisa: tani 7.2 mbele, 15.2 katikati, 26.1 kwenye tela. Jumla ilikuwa tani 48.5. Moyo ulinidunda, kwa sababu nilikuwa nimeiona karatasi ile mara elfu tatu. Lori lile lilikuwa ndege nzito mkiani. Shehena ilikuwa vipuri vya mitambo ya mgodi ndani ya masanduku makubwa, na wapakiaji, kwa kuwa foroko, gari la kunyanyulia mizigo, huingilia nyuma na kwa kuwa masanduku mepesi yalifika kwanza, walikuwa wameyasukuma mepesi mbele na kuyaacha mazito nyuma. Niliomba nipelekwe kwenye tela kama hilo, nikapima kwa futi ya chuma kutoka kwenye pini inayoungana na kichwa hadi katikati ya ekseli tatu: mita 7 na sentimita 70. Kisha nikamwonesha mzee kwenye mgongo wa bahasha kwamba masanduku mawili ya tani nne na nusu kila moja yakisogezwa mbele mita mbili, ekseli za tela zitapungukiwa na tani 2.3 na mzigo huo utahamia kwenye kichwa, ambacho kina nafasi. Ni uzito unaozidishwa na umbali, ukagawanywa kwa urefu wa nguzo hadi nguzo, yaani kutoka pini hadi ekseli za tela. Hesabu ileile inayoamua abiria mnene akae kiti gani kwenye Caravan. Tela lingebaki na tani 23.8.

Mzee alikaa kimya, akamwita msimamizi wa upakiaji, akaniambia nirudie. Nilirudia. Msimamizi, mtu wa makamo aliyeanza kazi akiwa utingo, hakufurahia kufundishwa na mtu aliyevaa viatu vya ofisini, na alikuwa na haki. Alikuwa akijua mambo mengi ambayo mimi sikuyajua: kwamba masanduku ya chuma huteleza juu ya sakafu ya tela iliyolowa, kwamba mnyororo ukifungwa kwa pembe mbaya hukatika kwenye miteremko ya Kitonga, kwamba mzigo wa salfa hubadilika uzito ukinyeshewa. Juma la kwanza nilikaa naye kuanzia saa moja asubuhi, nikamwachia aongoze ufungaji nami nikahesabu tu mahali pa kila sanduku. Lori la kwanza tulilolipanga pamoja lilipita Vigwaza bila kuzuiwa, na dereva alimpigia yeye simu, hakunipigia mimi. Nilifurahi kwamba ilikuwa hivyo.

Niliajiriwa mwezi Juni 2020. Tangu hapo nimetengeneza karatasi ya upakiaji kwa kila aina ya tela waliyo nayo, yenye picha ya sakafu iliyogawanywa kwa mita, na safu ya kuandikia uzito, umbali na jumla, karibu sawasawa na ile ya ndege. Makarani wawili wameijua, na msimamizi amekuwa mkali nayo kuliko mimi. Mshahara wa yadi haupandi Agosti wala haushuki Aprili. Si mkubwa, lakini ndio unaolipa kodi na ada, na posho ya kuruka iliporudi, tangu watalii walipoanza kuonekana tena, imekwenda kwenye deni na kwenye ekari moja ya michungwa ambayo mwenye shamba mpya amekubali kutuuzia tena.

Nina masharti ambayo sikuyavunja, na ambayo niliyaandika kabla ya kutia saini mkataba. La kwanza, nilimwandikia rubani mkuu wa kampuni yetu barua, nikamweleza kazi, mahali na saa, naye akaniruhusu kwa maandishi; mikataba mingi ya marubani ina kipengele kinachohusu kazi nyingine, na ni afadhali kukataliwa mapema kuliko kugunduliwa. Ingekuwa kazi ya kuruka kwa kampuni nyingine, kila saa yake ingehesabiwa pamoja na za kwetu. Kazi ya yadi haihesabiwi popote, ndiyo maana ilibidi niihesabu mwenyewe. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Mei niko yadini siku tano za juma. Miezi mingine niko siku mbili, na siku inayotangulia safari ya alfajiri sifiki yadini kabisa. Saa kumi na moja jioni naondoka, hata lori likiwa nusu. Mzee alikasirika mara ya kwanza na mara ya pili, na mara ya tatu nilimsimulia habari ya paundi 500 za mafuta. Hakukasirika tena.

Leseni nayo ina mahitaji yake, na anayetoka nje ya anga kwa muda huyasahau kwa urahisi. Cheti changu cha afya cha daraja la kwanza hupimwa kila mwaka, na nikifika miaka 40 itakuwa kila miezi sita, kwa kuwa naruka na abiria nikiwa rubani peke yangu. Ili kubeba abiria ni lazima niwe nimepaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90, na mtihani wa ustadi huja mara mbili kwa mwaka. Nawajua wawili walioingia kwenye biashara wakaiacha leseni ilale. Gharama ya kuiamsha ikawashinda, na wanapozungumza juu ya kuruka hutumia wakati uliopita. Mwaka 2021, katika masika, nilikubali safari za Zanzibar ambazo wenzangu hawakuzitaka, dakika ishirini kwenda na ishirini kurudi, ili nisifikishe siku 90.

Wapo wanaoniuliza kwa nini nisiache kuruka moja kwa moja, na wapo marubani wakubwa kwangu wanaoona kwamba nimeishusha heshima ya kazi. Hao wa pili nawajibu kwa heshima kwamba abiria wangu wa leo amekaa nyuma ya mtu aliyelala saa nane na ambaye hawazi ada ya shule akiwa anakaribia kutua. Hao wa kwanza nashindwa kuwajibu vizuri. Naweza kuwaeleza jinsi mto Rufiji unavyoonekana saa moja asubuhi mwezi Julai, maji yakiwa yamejigawa mikono mingi ya fedha na viboko wakiwa kama mawe kwenye mchanga, na kwamba hakuna mzani unaoweza kupima jambo hilo.

Kijana wa kupakia mizigo aliyeniuliza kuhusu namba ya mafuta amepanda cheo. Sasa ndiye anayesimamia upakiaji wa ndege zetu zote za asubuhi, na jioni anasoma kozi ya waongoza safari. Kesho nina safari mbili za kiwanja cha Mtemere, hifadhini, abiria kumi asubuhi na saba mchana, na leo sikwenda yadini. Karatasi ya uzito nitaijaza saa kumi na mbili, nikiwa nimekwisha kuyapima matangi mwenyewe, kisha nitampa yeye aijumlishe upya kabla sijatia saini.